Mwanaume anakimbia kwa ajili ya kila mtu isipokuwa yeye mwenyewe

Anayetaka kujua nani hutoa pesa kwenye mbio za hisani asimuulize mshereheshaji mwenye kipaza sauti. Amuulize mtu wa kamati ya uchangishaji, yule anayeshika daftari, anayepiga simu za kukumbusha ahadi na kulinganisha miamala ya simu na majina usiku wa manane. Huyo atasema wazi kwamba wanaume wanatoa. Watalalamika kidogo kuwa fulana inabana kitambi, wataomba wasubiriwe mpaka mshahara utoke, lakini wanatoa. Wanatoa kwa ajili ya mtoto mwenye tundu kwenye moyo, kwa mama mwenye fistula, kwa shule isiyo na madawati. Kisha wanakimbia kilomita zao tano, wanapiga picha na medali, wanakwenda kunywa supu.

Kitu ambacho mtu wa kamati hasemi mpaka akuzoee ni kwamba daftari lake lina majina yanayohama ukurasa. Mwaka jana jina lilikuwa kwenye orodha ya wachangiaji. Mwaka huu lipo kwenye orodha ya wanaochangiwa, na miezi michache baadaye linaandikwa kwenye karatasi nyingine, ya rambirambi. Mara nyingi ni mwanaume wa miaka hamsini na kitu, na msibani kila mtu anasema hakuwa anaumwa.

Alikuwa anaumwa. Hakupima tu.

Mbio zenyewe hazina kosa lolote. CRDB Bank Marathon, tangu ilipoanza mwaka 2020, imewasaidia watoto kufanyiwa upasuaji wa moyo katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete. NMB Marathon imechangia matibabu ya kina mama wenye fistula katika Hospitali ya CCBRT. Wapanda mlima wa GGM Kili Challenge wamekuwa wakichangisha fedha za mapambano dhidi ya Ukimwi tangu 2002. Kule Nairobi kuna Mater Heart Run, nayo ni ya mioyo ya watoto, na mwaka 2014 zikaanza mbio za Beyond Zero kwa ajili ya mama na mtoto. Hakuna mwenye akili timamu atakayesema pesa hizo zimepotea. Lakini ukiangalia orodha hiyo kwa makini, mwanaume mtu mzima yumo kama miguu na kama pochi. Kama mgonjwa, hayumo.

Mtu wa kamati anajua sababu, maana ndiye anayechagua picha ya kuweka kwenye bango. Mtoto aliyelala kitandani na mirija puani hufungua pochi kabla maneno hayajasomwa. Mama aliyepona fistula, anayetabasamu akiwa amevaa kitenge kipya, naye hivyo hivyo. Sasa weka picha ya fundi magari wa miaka 56 anayeamka mara tano usiku kwenda haja ndogo. Nani atachangia? Na kabla ya hapo kuna swali gumu zaidi: ni mwanaume gani atakubali kuwa kwenye hiyo picha? Hataki mkewe ajue, atakubali barabara nzima ya Bagamoyo ijue?

Kwa hiyo afya ya mwanaume haina bango. Na kisicho na bango hakina fulana, na kisicho na fulana hakina mbio.

Waliopata njia ya kulizunguka tatizo hili ni vijana wa Melbourne, Australia, na walilipata kwa utani. Mwaka 2003 marafiki wawili, Travis Garone na Luke Slattery, walikuwa wanakunywa bia wakajiuliza kwa nini masharubu yamepotea mjini. Wakawashawishi wenzao wakatimia 30, kila mmoja afuge masharubu mwezi mzima wa Novemba. Mwaka huo haukuwa na hisani yoyote ndani yake, ulikuwa mchezo tu. Ila waligundua jambo: kila mwenye masharubu alikuwa anaulizwa, kazini, kwenye basi, kwa mama mkwe. Mwaka uliofuata wakalipa swali hilo jibu. Ukiulizwa kwa nini umefuga, unasema ni kwa ajili ya saratani ya tezi dume, na unaomba mchango. Ndiyo ikazaliwa Movember, ambayo leo ina watu katika nchi zaidi ya 20 na imeongeza saratani ya korodani na afya ya akili kwenye kazi zake.

Werevu wao upo hapo. Walikosa mgonjwa wa kuweka kwenye bango, wakamfanya mchangishaji mwenyewe awe bango. Sharubu halimwaibishi mtu. Linachekesha, na mtu akishacheka ni rahisi kumwambia maneno mawili ya maana kabla hajaondoka. Pesa zilikuja, tena nyingi, lakini kwa mtu wa kamati pesa ndiyo sehemu rahisi ya kuieleza. Sehemu ngumu ni yale mazungumzo ambayo hayakuwapo kabla ya mtu kuacha kunyoa.

Uingereza walitumia njia ya mpira, na hapa hata mteja wa kibanda umiza cha Manzese ni shahidi, ingawa huenda hakujua anachokitazama. Makocha kadhaa wa ligi za kule wameonekana kwenye mstari wakiwa na beji ndogo kifuani, umbo la mtu lililoundwa na vitu vidogo vidogo. Ni umbo la mwanaume mmoja lililotengenezwa kwa wanaume wengi wadogo, alama ya shirika la Prostate Cancer UK. Mwaka 2016 mtangazaji wa Sky Sports, Jeff Stelling, alitembea kwa miguu kutoka uwanja wa Hartlepool hadi Wembley kwa ajili ya shirika hilo, marathoni kumi kwa siku kumi. Alikuwa na umri wa miaka 61. Mwaka uliofuata akaongeza zikawa 15. Njiani mashabiki wa timu zinazochukiana walitembea naye bega kwa bega wakiwa na jezi zao, na kilomita 42 ni nyingi mno kuzimaliza kwa kuzungumzia penalti tu.

Hao ni wazungu na mambo yao, atasema mtu kijiweni. Basi aanze na tarakimu hii: huko huko Uingereza, mwanaume mmoja kati ya wanane hupata saratani ya tezi dume katika maisha yake. Kwa mwanaume mweusi ni mmoja kati ya wanne. Ugonjwa huu haujaja Afrika kwa bahati mbaya kama mtalii. Katika nchi nyingi za kusini mwa Sahara ndio saratani inayoongoza kwa wanaume, na tofauti ni kwamba huku mara nyingi hugundulika ikiwa imeshatembea hadi kwenye mifupa, mtu anapokwenda hospitali kulalamikia mgongo.

Safari ya Chris Hoy ilianza hivyo hivyo. Huyu ni mwendesha baiskeli wa Scotland mwenye medali sita za dhahabu za Olimpiki, mtu ambaye mwili wake ulikuwa unapimwa na kurekodiwa tangu akiwa kijana. Mwaka 2023, akiwa na miaka 47, alikwenda kuangalia bega linalouma. Picha zikaonyesha uvimbe, na uvimbe ukafuatiliwa hadi kwenye tezi dume. Ilikuwa imeshasambaa. Oktoba 2024 alitangaza hadharani kwamba haitapona. Baba yake na babu yake nao waliwahi kuugua saratani hiyo hiyo. Septemba 2025 aliongoza maelfu ya watu kwenye baiskeli mjini Glasgow kuchangisha fedha, na amekuwa akisukuma wanaume wenye historia ya ugonjwa huo kwenye ukoo wapimwe mapema. Kama bingwa wa aina ile, mwenye madaktari kila kona, alichelewa, huyu anayekimbia na raba za mtumba ana kinga gani?

Upande wa pili wa habari anao Sébastien Haller, na huyu hahitaji kutambulishwa kwa mashabiki wa Afrika. Julai 2022 alikuwa ndiyo kwanza ametua Borussia Dortmund. Kambini Uswisi alijisikia vibaya baada ya mazoezi, akapimwa, kukakutwa uvimbe kwenye korodani. Upasuaji mara mbili, dozi nne za tibakemia. Januari 2023 alirudi uwanjani. Februari 11, 2024, Abidjan, dakika ya 81, alinyoosha mguu mbele ya beki wa Nigeria na kuipa Ivory Coast kombe la Afrika, 2-1, siku nne baada ya bao lake kuitoa DR Congo kwenye nusu fainali. Ni saratani inayowapata zaidi vijana, kuanzia miaka 15 hadi 40, na ikiwahiwa hutibika kwa kiwango ambacho saratani nyingi hazifikii. Kijana wa umri huo anaweza kujikagua mwenyewe bafuni, dakika moja, bila kumwambia mtu. Vijiwe vilizungumzia lile bao kwa wiki nzima, korodani haikutajwa.

Kutotaja kwenyewe kuna jina lake mitaani: kidole. Kila mazungumzo ya tezi dume kwenye bonanza hufika kwenye kidole ndani ya dakika mbili, watu wanacheka, mada inaisha. Utani huo umeua watu kimya kimya. Siku hizi mara nyingi hatua ya kwanza ni damu tu, kipimo kinachoitwa PSA, sindano ya mkononi kama ya malaria. Si kipimo kamili, lazima lisemwe hilo pia. Huweza kupanda kwa sababu ambazo si saratani, na huweza kumpita mgonjwa, ndiyo maana kinahitaji daktari wa kukisoma. Lakini mwanaume aliyefika miaka 45 akiwa na baba au kaka aliyeugua, au aliyefika 50 bila historia yoyote, ana sababu ya kwenda kumuuliza daktari. Kusubiri dalili ni mtego, kwa sababu mwanzoni saratani hii mara nyingi haina dalili. "Mimi mzima" si majibu ya maabara.

Na hapa shabiki wa mpira wa Tanzania anachekesha kidogo. Dirisha la usajili likifunguliwa, anajua mshambuliaji mpya wa Simba au Yanga ametua saa ngapi, amelala hoteli gani, na kama amefaulu vipimo vya afya. Goti la mtu asiyemjua linamkosesha usingizi. Yeye mwenyewe ana miaka 49, kila Jumapili anaingia uwanjani na timu ya maveterani akitokea moja kwa moja kwenye kitimoto cha jana, na mara ya mwisho kupimwa presha ni siku aliyomsindikiza mkewe kliniki. Mchezaji wa kulipwa hasajiliwi bila moyo wake kukaguliwa. Veterani anasajiliwa kwa kulipa ada ya jezi.

Ila mwili ndiyo nusu rahisi. Oktoba 2023, siku ya afya ya akili duniani, klabu ya Norwich City ilitoa filamu fupi ambayo ilizunguka dunia nzima. Inaonyesha mashabiki wawili wanaokaa viti vya jirani msimu mzima. Mmoja mchangamfu, anaimba, anaruka, anamsukuma mwenzake ashangilie. Wa pili kanyong'onyea, haongei. Anayeitazama anaanza kumhofia wa pili. Mechi ya mwisho, yule mnyonge anafika peke yake na kuweka skafu kwenye kiti kitupu cha mchangamfu.

Mtu wa kamati akiitazama filamu ile anawaza majina, maana kila kundi lina yule mchangamfu. Ndiye anayetania kwenye kundi la WhatsApp, ndiye wa kwanza kuahidi mchango, ndiye anayewanunulia wengine bia huku mwenye nyumba akimtafuta. Shirika la Afya Duniani linakadiria zaidi ya watu 700,000 hujiua kila mwaka, na kiwango cha wanaume ni kama mara mbili ya wanawake. Movember wana mbio zao za mwezi mzima, kilomita 60 kwa mtu mmoja, kwa sababu kwa hesabu yao wanaume 60 hupotea hivyo kila saa duniani. Ni kilomita mbili tu kwa siku. Wanaume wa hapa wanazimudu, wengi hutembea zaidi ya hapo kwenda kutafuta riziki. Kisichomudiwa ni kumwambia mwenzio kwamba mkeka umechanika kwa mara ya kumi, ada ya shule ilikuwa humo ndani, na nyumbani hawajui. Kurasa za michezo nazo zina sehemu yake hapo, maana matangazo ya kubeti yamejaa pembeni ya habari za mpira na namba ya kuomba msaada, ikiwepo, huandikwa kwa herufi za sisimizi.

Wapo watakaohoji kwa nini mwanaume achangiwe wakati ndiye mwenye pesa, ndiye mwenye sauti nyumbani, na mama mjamzito bado anabebwa kwenye pikipiki usiku. Hoja ina uzito. Lakini mwanaume akigundulika amechelewa, gharama haibaki kwake. Mkewe ndiye anayelala kwenye korido ya wodi. Kiwanja kilichokuwa cha watoto ndicho kinachouzwa. Binti anarudishwa nyumbani kumuuguza baba. Aliyekataa sindano moja ya damu kwa sababu ya aibu amewapelekea bili wanawake watatu.

Tena vyombo vya kufanyia kazi hii vipo tayari, kuliko hata walivyokuwa navyo wale vijana wa Melbourne. Kila mtaa wa Dar es Salaam una klabu ya jogging au timu ya maveterani. Zina mwenyekiti, katibu, mweka hazina, daftari, kundi la WhatsApp na faini ya kuchelewa mazoezini. Zinajua kuchangisha. Akifa mwanachama, ndani ya saa sita basi la kwenda Songea limeshakodiwa na sanda imenunuliwa. Umahiri huo wote unasubiri mtu afe ndiyo utumike.

Mweka hazina ana kitu ambacho daktari hana: anajua nani hajaonekana. Mtu aliyelipa kila wiki kwa miaka minne akikaa kimya wiki tatu, daftari linaonyesha kabla ya mtu mwingine yeyote kushtuka. Kwa kawaida jina lake linapigwa faini. Inawezekana badala yake akapigiwa simu, na asiulizwe deni. Aulizwe yuko wapi, na kama atakuwepo saa kumi mtu ampitie. Wanaume wengi hawawezi kuzungumza wakitazamana usoni kama wako kwenye baraza la usuluhishi. Wakikimbia ubavu kwa ubavu, macho yote mbele, pumzi imepungua, maneno hutoka.

Na kwenye bonanza lijalo, kabla ya nyama kuwekwa jikoni (hakuna anayesema nyama isiwepo), mashine ya presha ikae meza moja na daftari la michango. Anayekuja kulipa ananyoosha mkono kwanza, muuguzi wa mtaani anaandika tarakimu, halafu pesa inapokelewa. Wenye umri wa kupima tezi dume waende kundi zima siku moja, kama wanavyokwenda uwanjani, kwa sababu mtu mmoja mmoja atatoroka. Fungu litengwe mapema kwa ajili ya wale ambao majibu yao yatahitaji daktari bingwa, maana kumpima mtu na kumwacha na karatasi mkononi bila nauli ya kufika Ocean Road ni kumwongezea usiku mwingine wa kutolala. Hapo ndipo kamati nyingi zitakwama, na si vibaya zikaanza na watu watano wanaoweza kuhudumiwa hadi mwisho kuliko watu mia watakaopimwa na kupigwa picha.

Wa kwanza kunyoosha mkono awe mwenyekiti, mbele ya wote, na tarakimu yake isomwe kwa sauti kama matokeo ya mechi. Ikiwa 170 kwa 110, asitaniwe. Akae benchi siku hiyo, apewe filimbi awe mwamuzi, na Jumatatu asubuhi katibu ampitie na bodaboda waende wote hospitali.